Cheti Mfukoni, Kebo Mkononi

Hotuba iliyotolewa mbele ya wahitimu wa TEHAMA na waajiri, Njiro, Arusha

Ndugu Mwenyekiti, walimu, wazazi mliotoka Moshi, Babati na Karatu kuja kuwasindikiza vijana wenu, waajiri wenzangu, nanyi wahitimu ambao leo ndio wenye shughuli: wakubwa shikamooni, na vijana hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie swali ambalo kila tangazo la kazi za TEHAMA hulijibu kwa namna yake: je, tumwajiri mwenye vyeti au mwenye uzoefu? Mwenyekiti amenipa dakika ishirini na akanionya nisizipitishe, kwa hiyo nitaanza moja kwa moja na hoteli moja ya kitalii iliyo upande wa Karatu, ambayo kampuni yangu ndogo ilikuwa ikiihudumia, na asubuhi moja ya mwezi Julai ambapo mtandao wake ulileta matata huku wageni wamejaa.

Habari tuliyopewa kwa simu ilitatanisha. Kompyuta ya mapokezi ilikuwa imegoma kufungua mfumo wa kuandikishia wageni, mashine ya kulipia kwa kadi ilikataa, na printa ya jikoni inayotoa oda ilikuwa kimya. Lakini kompyuta mpakato ya meneja ilifanya kazi vizuri kabisa, hata akawa anatuandikia malalamiko yake kwa barua pepe kupitia mtandao uleule aliosema umekufa. Nilimtuma kijana wetu aliyekuwa amepata CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco inayotengeneza vifaa vya mitandao, miezi mitano kabla. Alifika saa nne asubuhi, akaingia kwenye ruta kuu, kifaa kinachounganisha mtandao wa hoteli na intaneti, na kuusoma mpangilio wake mstari kwa mstari kwa muda wa saa tatu, asione kosa kwa sababu kosa halikuwemo humo. Saa saba mchana alinipigia. "Bosi," akasema, na sauti yake nilijua imekaribia kulia, "kila kitu kiko sawa, ila hakifanyi kazi."

Nikamchukua mzee kwenye gari langu tukaondoka. Namwita mzee kwa sababu ndivyo tunavyomwita sote ofisini. Alianza kwa kuvuta nyaya za simu, akahamia za kompyuta, na hana cheti chochote cha TEHAMA, hata kile cha kuhudhuria semina ambacho hupewa kila aliyekunywa chai. Tulipofika hakuigusa ruta. Alikwenda mapokezi, akapokea shikamoo ya dada aliyekuwa pale, akamwomba amfungulie anwani ambayo kompyuta yake imepewa na mtandao. Anwani za hoteli ile zote huanza na 10. Iliyoonekana pale ilianza na 192.168. Mzee akaiacha kompyuta, akamgeukia dada: "Mwanangu, tangu jana kuna mtu ameleta kifaa kipya hapa?" Dada akasema hapana, kisha akakumbuka kwamba mpishi mkuu alikuwa akilalamika waifai haifiki jikoni, na mdogo wake amemletea kiboksi kutoka mjini. Tulikikuta juu ya friji. Kilikuwa ruta ndogo ya nyumbani, imenyang'anya printa kebo yake, na kebo yenyewe imechomekwa kwenye tundu la upande wa ndani badala ya lile la nje.

Kwa faida ya wazazi wetu nieleze kidogo. Kompyuta inapowashwa huomba mtandaoni ipewe anwani, na kuna kifaa kimoja kilichopewa kazi ya kujibu. Ruta za nyumbani nazo huja na tabia hiyohiyo ya kugawa anwani, kwa hiyo siku ile wagawaji walikuwa wawili, na aliyewahi kujibu ndiye aliyesikilizwa. Umeme ulikuwa umekatika alfajiri. Kila kilichozimika na kuwaka upya kiliomba anwani upya na kikadanganywa, ilhali kompyuta ya meneja, iliyokuwa na betri, ilikuwa bado imeshikilia anwani yake ya jana. Mzee alichomoa kiboksi, vifaa vikawashwa upya, na dakika kumi baadaye wageni waliokuwa wamekaa juu ya mabegi yao wakaanza kupewa funguo.

Nikiishia hapa, waajiri wenzangu mtapiga makofi, maana hadithi za msomi aliyeshindwa na fundi aliyeweza ndizo tunazopenda kusimuliana. Lakini hadithi hii ina nusu ya pili, nayo ilitokea ndani ya gari usiku, tulipokuwa tunakaribia Makuyuni. Kijana alikuwa amenyamaza tangu tulipoondoka. Kisha akauliza, "Mzee, na kesho mpishi mwingine akileta kiboksi kingine?" Mzee akajibu kwamba tutarudi tukichomoe. Kijana akasema kwa adabu kuwa hakuna haja ya kurudi. Katika mtaala wa mtihani wake mlikuwamo somo la kuiamuru swichi, kile kifaa ambacho kebo zote za mtandao huchomekwa, ikatae majibu ya ugawaji wa anwani yanayotoka kwenye tundu lolote ambalo halikuidhinishwa kwa kazi hiyo. Wataalamu mliomo humu mmeshalitambua. Swichi za hoteli ile zilikuwa na uwezo huo tangu siku zilipofungwa, na mzee, pamoja na miaka yote aliyozihudumia, hakuwahi kuusikia. Wiki iliyofuata kijana aliweka kinga hiyo kwenye swichi zote, na tangu siku hiyo hatujaitwa tena kwa hitilafu ya namna ile.

Mzee aliliona tatizo upesi kwa sababu lilikwisha kumpata huko nyuma. Kijana aliweza kulizuia kwa sababu lilikwisha kuwapata watu wengine, mahali pengine, nao wakaliandika kwenye mtaala akausoma. Hilo ndilo ninaloamini kuhusu swali letu: uzoefu humfundisha mtu yaliyompata yeye, na cheti kizuri humfundisha yaliyowapata wenzake asiowajua. Ni aina mbili za ushahidi juu ya mtu mmoja. Aliyekosea siku ile ni mimi, niliyemtuma kijana peke yake, na malipo ya saa tatu zile niliyabeba mwenyewe.

Nimesema cheti kizuri, na neno hilo nalazimika kulifafanua, kwa sababu tunayaita yote vyeti ilhali hayafanani. Mwaka 1973 mwanauchumi Michael Spence, ambaye mwaka 2001 alishiriki tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na George Akerlof na Joseph Stiglitz, alieleza kwamba mwajiri hawezi kuona uwezo wa mwombaji kwa macho, kwa hiyo hutazama ishara, na ishara huwa na thamani pale tu ambapo ni ghali au ngumu kwa asiye na uwezo kuipata. Siku ishara inapopatikana kirahisi na kila mtu, thamani yake huondoka. Jambo hilo limeshatokea katika kazi yetu. Katika miaka ya 1990 vyeti vya Novell, kampuni ya programu za mitandao, na baadaye vile vya Microsoft vilivyoitwa MCSE, vilikuwa vinafungua milango mikubwa ya mishahara. Watu wakaanza kukusanya maswali ya mitihani na majibu yake na kuyauza, wengine wakayakariri, na soko likajaa wahandisi wa karatasi ambao hawajawahi kuifungua seva, ile kompyuta inayohudumia nyingine. Nyinyi wanafunzi mnalijua jina la mchezo huo vizuri kuliko mimi. Wakati wetu tuliita kudesa, na naona neno bado linaishi.

Watoa vyeti wenyewe waliliona tatizo hilo, na jinsi walivyolishughulikia ndiko ninakopata hoja yangu kubwa. Cisco, iliyoanzisha cheti chake cha juu cha CCIE mwaka 1993, humweka mtahiniwa mbele ya mtandao kwa saa 8 aujenge na kuuponya. Kampuni ya Red Hat, katika mitihani yake ya Linux, ambao ni mfumo endeshi wa kompyuta, haiulizi maswali ya kuchagua jibu: unapewa mfumo unaofanya kazi, unaambiwa matokeo yanayotakiwa, na mwisho mfumo wako unakaguliwa kama umeyafikia. Shirika la ISC2, linalotoa cheti cha usalama wa mifumo kiitwacho CISSP, limekwenda mbali zaidi. Mtu akifaulu mtihani wake bado hapewi cheti mpaka athibitishe miaka 5 ya kazi ya kulipwa katika fani mbili au zaidi kati ya nane zinazotahiniwa, na mwenye cheti mwenzake amdhamini. Shahada inaweza kumpunguzia mwaka 1. Asiye na miaka hiyo huitwa mshirika tu, na hupewa miaka 6 ya kuitafuta. Tafakarini hapo. Mtunga mtihani mwenyewe, aliyeutunga na kuusahihisha, anakataa kuuamini mtihani wake peke yake. Sisi huku Arusha tunapata wapi ujasiri wa kuuamini kuliko yeye?

Nigeukie sasa upande wa uzoefu, ambao waajiri tunautetea kwa urahisi mno. Cheti cha Cisco, au cha CompTIA, shirika jingine linalotoa vyeti vya TEHAMA, kina namba. Nikitaka kukikagua, naingia kwenye tovuti ya aliyekitoa na ndani ya dakika mbili najua kama ni halali na kama muda wake haujakwisha. Barua ya uzoefu ina muhuri, na muhuri katika mji huu unachongwa mtu akisubiri. Hata barua ikiwa ya kweli, inaniambia kwamba fulani alikuwa ofisini kwao kutoka mwaka huu hadi mwaka ule na kwamba alikuwa mchapakazi. Haisemi kama katika miaka hiyo alijenga mtandao au alibadilisha wino wa printa. Nimewahi kumwajiri mtu mwenye miaka mingi ya kazi, mpole na mwenye bidii, ambaye katika ofisi ya mteja mmoja aliziweka kamera za ulinzi, waifai ya wageni na kompyuta ya mhasibu katika mtandao mmoja usio na kizuizi chochote, na nakala rudufu za hesabu akazihifadhi katika mashine ileile zilikotoka. Nilipomuuliza, alinijibu kwa moyo safi kwamba ndivyo alivyokuwa akifanya siku zote na hakuna kilichowahi kuharibika. Alikuwa anasema kweli; bahati yake ilikuwa bado haijaisha.

Wahenga walisema ujuzi hauzeeki. Hawakuwahi kupokea barua ya kuwaarifu kwamba cheti chao kinakwisha muda baada ya miaka 3, kama ilivyo kwa CCNA na kwa vyeti vingi vya CompTIA. Wengi hulalamikia utaratibu huo kuwa ni njia ya kuvuna fedha, na sitawapinga, maana fedha zinavunwa kweli. Hata hivyo Microsoft walipokiondoa kabisa cheti cha MCSE mwanzoni mwa mwaka 2021, waliokuwa wamesimama juu ya cheti kile pekee walijua kwamba na wao wametakiwa wasogee, wakati mwenye uzoefu wa zamani hana anayemwandikia barua.

Sasa lipo jambo la hapa kwetu ambalo wenzetu wa Ulaya na Marekani hawana sababu ya kulifikiria sana. Mtihani wa CCNA unagharimu dola 300 za Marekani, ambazo kwa viwango vya miaka ya karibuni zinafikia au kupita shilingi laki saba, na ukifeli unalipa tena. Mtihani wenyewe hufanyika kwa dakika 120, na lugha zake ni Kiingereza na Kijapani. Nilimshawishi mzee wetu aufanye kwa gharama ya kampuni. Alisoma mwezi mzima, kisha akanirudishia kitabu kimefungwa vizuri kwenye gazeti. "Mwanangu," akaniambia, "kuujua mtandao naujua, lakini mimi na Kiingereza hiki tuko mbali sawasawa na Kijapani chao." Kwa hiyo katika miji kama Arusha na Moshi, mtu anapokuja bila cheti, hatuwezi kujua mara moja kama amekosa ujuzi, au amekosa laki saba, au amekosa lugha. Kwa mafundi wa magari, waashi na maseremala nchi yetu imelitafutia njia: VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, humpima fundi aliyejifunzia kazini, bila kumuuliza alikaa darasa gani, na akionekana anaweza, hupewa cheti. Natamani sana kumwona mtu kama mzee wetu anapimwa hivyo, kwa Kiswahili, akiwa na kebo mkononi.

Nikiri pia maslahi yangu. Vyeti vya vijana wangu navilipia mimi, na sivilipii kwa ajili ya elimu yao tu. Zabuni ninazojaza zinataka nakala za vyeti, na watengenezaji wa vifaa hawatoi ngazi ya ushirika kwa kampuni isiyokuwa na idadi fulani ya watu waliofaulu mitihani yao. Cheti ni hodi. Bila hodi, hata anayestahili kukaribishwa huishia nje, na hilo vijana msilidharau kwa kusikia kwamba bosi fulani alisimama Njiro akamsifu fundi asiye na karatasi.

Lakini ninyi waajiri, nina neno nanyi, na naomba mnivumilie. Tunatangaza kazi ya mtu wa kuanzia, mshahara wa mtu wa kuanzia, na chini tunaandika uzoefu usiopungua miaka 3. Huo uzoefu ataupata kwa nani, ikiwa sote tunataka atoke nao kwa mwingine? Mwanafunzi anapoletwa kwetu kwa mafunzo ya vitendo, tunampa wiki zake zote za kupeleka karatasi kutolewa nakala, kununua vocha na kubeba ngazi. Kwenye chumba cha seva haingii, tunaogopa ataharibu. Siku ya mwisho anakuja na daftari lake, tunasaini kurasa zote kwa mkupuo mmoja na kugonga muhuri kwamba ameshiriki kusimamia mtandao. Kisha mwaka unaofuata kijana yuleyule anaomba kazi, nasi tunamwambia hana uzoefu. Hata saidia fundi kwenye ujenzi hukabidhiwa mwiko siku moja, ukuta wa choo cha nyuma, fundi akiwa amesimama pembeni. Sisi tunashindwa kumkabidhi mwanafunzi swichi moja ya zamani isiyounganishwa na kitu.

Kwangu usaili umebadilika tangu safari ile ya Karatu. Wasifu nausoma, vyeti navikagua, lakini uamuzi naufanya mezani. Naweka swichi mbili, ruta moja na kompyuta tatu chakavu, nafunga mtandao mdogo, naharibu jambo moja, kisha namwacha msailiwa nao kwa saa nzima, nikiwa nimemlipa nauli na chakula cha mchana kwa sababu kazi ya mtu haiombwi bure. Hitilafu yenyewe sitaitaja, maana bado ninaitumia. Amewahi kuja bwana mmoja mwenye miaka 11 ya kazi, akazima kila kitu, akawasha, mtandao ukarudi kwa dakika mbili, akaniambia amemaliza na akaomba apewe nauli yake. Akaja binti kutoka Moshi, hana cheti wala mwaka mmoja wa ajira. Kabla ya kugusa chochote aliomba karatasi. Akauchora mtandao, akaandika pembeni mwa kila kifaa anwani yake na tundu kilikochomekwa, akaanza kupima kipande kimoja kimoja, na kila alipobadilisha jambo aliandika alikuta nini na ameweka nini, ili aweze kulirudisha. Saa ilipoisha alikuwa hajaipata hitilafu. Akanikabidhi karatasi na kusema, "Samahani, sijui iko wapi, ila haiko katika sehemu hizi nne, na sababu zake nimeziandika." Sababu zote nne zilikuwa sahihi. Nilimwajiri siku ile ile, na hivi sasa anajiandaa kufanya mtihani wake wa kwanza, kwa laki saba zangu, akifundishwa jioni na kijana wa kiboksi cha mpishi.

Wahitimu, wengi wenu hamna fedha ya mtihani na hamna aliyewafungulia chumba cha seva. Programu ya kuigiza mitandao ambayo Cisco huwapa bure wanaojiandikisha katika masomo yake inafanya kazi hata kwenye kompyuta ya kawaida, na Linux haiuzwi. Haribuni mambo humo, myatengeneze, na kila hitilafu iandikeni: ilionekanaje, mlidhani ni nini, ilikuwa nini hasa. Mtu akiniletea daftari la namna hiyo lenye hitilafu arobaini, nitalisoma kabla ya barua yake ya maombi.

Mwenyekiti ananionesha saa. Nimalize kwa kuwaarifu kwamba nimekuja na meza yangu. Iko hapo nje chini ya mjakaranda, waya wa umeme umepitishwa dirisha la maktaba, na mzee mwenyewe amekaa kando yake na chupa ya chai. Hitilafu ni moja. Atakayetaka kujaribu baada ya chakula aje na kalamu. Wasifu auache kwenye begi.

Asanteni kwa kunisikiliza.